Barua kwa mwanangu: grini kadi ina jina la zamani, kazi ni Jumatatu

Mwanangu Neema,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma nikiwa kazini, nikaona nisikujibu kwa sauti ya haraka haraka ya WhatsApp. Unasema unaanza kazi Jumatatu, na afisa rasilimali watu amekuambia kwamba kwa kuwa grini kadi yako inasomeka Neema Joseph Lyimo na barua ya ajira inasomeka Neema Mshana, uende kwanza ukabadilishe kadi ndipo urudi. Unauliza kama uahirishe kazi. (Baba yako anasema tatizo si kadi, tatizo ni kuolewa na Wapare. Mwache, utani haumwishi.)

Usiahirishe. Kadi yako muda wake haujaisha, na kuolewa hakuibatilishi. Kusubiri kadi mpya ni suala la miezi, na hakuna sheria ya Marekani inayokutaka ukae nyumbani miezi hiyo bila mshahara.

Unajua mimi ndiye ninayejaza hizi fomu za I-9, za kuthibitisha kuwa mwajiriwa ana ruhusa ya kufanya kazi, hapa ofisini kwetu Ohio, kwa hiyo nakueleza jambo la upande wa pili wa meza. Tangu sheria ya uhamiaji ya mwaka 1986, mwajiri anatakiwa kuhakikisha kwamba kila anayemwajiri ana ruhusa ya kufanya kazi, awe mzaliwa wa hapa au mgeni. Kinachotazamwa ni kama hati inaonekana ya kweli na kama ni ya mtu huyu aliyekaa mbele yangu. Majina kutofautiana ni swali tu linalohitaji jibu. Mwongozo ambao USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, huwaandikia waajiri, unaitwa M-274, unamruhusu mwajiri kupokea hati yenye jina tofauti mradi ajiridhishe kuwa ni ya mhusika. Wakija kwangu mabibi harusi wapya, naomba kuona cheti cha ndoa, naandika maelezo mafupi ya kwa nini majina hayalingani, natia saini, naambatanisha na fomu. Basi.

Sehemu ya kwanza ya fomu unaijaza wewe, na isipite siku ya kwanza ya kazi. Andika Mshana kwenye jina la ukoo, halafu usikiruke kile kisanduku kinachouliza majina mengine ya ukoo uliyowahi kutumia. Wengi huandika "haihusu" wakidhani kinauliza majina ya utani au ya uongo. Wewe andika Lyimo. Weka alama kwenye ukaazi wa kudumu na uandike ile namba ya USCIS iliyo mbele ya kadi, tarakimu tisa. Namba hiyo haibadiliki hata ukiolewa mara tatu, na Mungu apishie mbali.

Sehemu ya pili ni ya mwajiri, na ana siku tatu za kazi tangu uanze. Hapo ndipo unapomwonyesha hati, na hati unachagua wewe. Grini kadi peke yake inatosha, kwa sababu iko kwenye Orodha A ya fomu hiyo, inayothibitisha wewe ni nani na kwamba unaruhusiwa kufanya kazi. Au utoe moja ya Orodha B, kwa mfano leseni ya udereva, pamoja na moja ya Orodha C, kwa mfano kadi ya Social Security, yaani hifadhi ya jamii. Mwajiri haruhusiwi kusema "nataka hii, ile siitaki" ikiwa uliyoleta inakubalika.

Sasa itazame vizuri hiyo kadi yako ya Social Security kabla hujaitegemea. Uliipata ulipokuwa mwanafunzi, na za wakati ule huwa na maandishi juu ya jina yanayosema inafaa kwa kazi pale tu penye idhini ya DHS, wizara ya usalama wa ndani. Yenye maneno hayo haikubaliki kwenye Orodha C, hata kama mwenyewe siku hizi ni mkaazi wa kudumu. Wengi wetu tuliokuja kwa viza ya masomo tunatembea nayo bila kujua.

Kwa hiyo kubadilisha jina anza na ofisi ya Social Security, kabla ya leseni ya udereva na kabla ya USCIS. Weka miadi wiki hii hii. Fomu inaitwa SS-5, haina malipo, na namba yako itabaki ileile. Kadi mpya itakuja kwa posta ikiwa na jina jipya, na kwa kuwa sasa una ukaazi, yale maandishi hayatakuwepo. Beba grini kadi yenyewe na cheti cha ndoa chenyewe. Nakala kivuli hawapokei, hata ikiwa na mhuri wa mwanasheria. Na cheti ninachosema si kile cha kanisani chenye maua pembeni mlichokitundika sebuleni, mwanangu. Nenda kwa karani wa kaunti iliyowapa leseni ya ndoa, uchukue nakala rasmi mbili au tatu, kwa sababu utaziulizwa hadi uchoke.

Kwa nini nasisitiza Social Security? Kwa sababu ya E-Verify. Waajiri wengi huingiza taarifa za I-9 kwenye mfumo huo, nao unazilinganisha na kumbukumbu za serikali. Ikiwa Social Security bado wanakujua kama Lyimo, mfumo unaweza kusema taarifa hazilingani. Likitokea hilo, usitetemeke. Mwajiri anatakiwa akuambie faraghani na akupe notisi, na ukiamua kupinga una siku nane za kazi za serikali kwenda kurekebisha. Wakati shauri liko wazi haruhusiwi kukufukuza wala kukupunguzia saa kwa sababu hiyo. Halafu kuna mishahara: majina yasipolingana, mapato yako yanaweza kuwekwa kwenye fungu lisilo na mwenyewe badala ya kuhesabiwa kwenye pensheni yako. Wahasibu watumie jina lililo kwenye kadi yako ya Social Security mpaka ibadilike.

Grini kadi yenyewe inabadilishwa kwa fomu I-90. Ada ya kuomba mtandaoni, tangu Aprili 2024, ni dola 415. Mimi ningekuwa wewe nisingekimbilia. Ukiomba uraia, unaweza kuomba jina jipya ndani ya fomu ileile. Ila uraia nao una uchungu wake, maana Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, na hilo lizungumzeni wewe na mumeo, mimi sisemi neno. Mkisafiri kabla ya hapo, tiketi ikatwe kwa jina lililo kwenye pasipoti.

Na huyo afisa? Zungumza naye kwa adabu. Pengine hajui tu, hawa vijana huachiwa mafaili bila kufundishwa. Mwambie: "Kadi yangu haijaisha muda, cheti cha ndoa hiki hapa, M-274 inaruhusu." Mwandikie barua pepe pia, ibaki kumbukumbu. Akikomaa, piga 1-800-255-7688, kitengo cha Wizara ya Sheria kinachotetea wafanyakazi wahamiaji. Simu ni bure, wana wakalimani, na huhitaji kutaja jina lako. Mara nyingi wao wenyewe humpigia mwajiri na mambo yakaisha siku hiyo hiyo.

Ukitoka Social Security nijulishe. Kadi mpya ikifika usinitumie picha yake kwa simu, nisomee tu jina lilivyoandikwa, nione kama hawakukosea herufi.

Mama yako