Jibu: Joho la kuvalia nyumbani linafunguka kila nikikaa

Habari ndugu. Nimekusoma: joho lako la satini unalifunga vizuri ukitoka kuoga, lakini ukikaa tu mbele panaachia, na mkanda unalegea hadi unaukanyaga.

Kabla ya kuulaumu mkanda, angalia ndani, kwenye mshono wa ubavuni usawa wa kiuno. Majoho mengi yana vikamba vyembamba hapo, na wapo wanaovaa miaka bila kuviona. Vinashika upande unaokaa chini. Funga hivyo kwanza, ndipo ulaze upande wa juu na ufunge mkanda. Kama havipo, fundi cherehani atakushonea tepe mbili haraka tu.

Fundo nalo lina mambo yake. Satini inateleza, kwa hiyo fundo la kipepeo halidumu. Mimi huzungusha mkanda mara mbili kama ni mrefu, nikafunga kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia, na fundo nalisogeza ubavuni. Likiwa katikati, tumbo hulisukuma ukikaa. Mkanda unaopotea kila siku ushikize mgongoni kwa mishono michache.

Hukutaja vipimo. Ukiwa umesimama, pande mbili zisipopishana vya kutosha mbele, joho ni dogo na hakuna fundo litakalokusaidia. Chagua kwa kipimo cha nyonga, si mabega.

Halafu hiyo mikono mipana ikunje kabla ya kusogelea jiko. Satini nyingi ni poliesta, na ikishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi.