Uganga wa Kishipibo: nilishindwa siku ya tisa

Mkuu, umeuliza kama kozi ya miezi mitatu kule Peru inatosha kukufanya mganga wa Kishipibo, kisha urudi Dar ufungue kituo. Haitoshi. Ngoja nikusimulie.

Nilikuwa Lima kikazi. Nikachukua likizo, nikaenda Pucallpa, mji wa mto Ucayali, kisha nikavuka ziwa Yarinacocha kwa boti hadi kijiji cha Washipibo, wenyeji wa msitu wa Amazon. Nikapokelewa na bibi mmoja ambaye ni onanya, maana yake mwenye kujua.

Nilienda na akili za YouTube, kwamba uganga wao ni ayahuasca, kile kinywaji cha kuleta maono, basi. Bibi alinicheka. Dawa hiyo wao huiita oni, hupikwa kwa mmea mtambaazi na majani ya chacruna, na zamani mganga ndiye aliyekunywa, ili auone ugonjwa. Mgonjwa alilala akiimbiwa. Kuwanywesha watu ishirini kwenye magodoro kumekuja na wageni wenye dola.

Mganga hutengenezwa na mfungo, dieta kwa Kihispania, sama kwa lugha yao. Unapewa mmea mmoja, unaunywa, unakaa peke yako kibandani porini. Chumvi hakuna, sukari hakuna, pilipili, nguruwe, pombe, tendo la ndoa, vyote marufuku. Mimi nilipewa bobinsana, mti mdogo wa kando ya mito wenye maua ya waridi yaliyochanua kama brashi. Kula yangu ilikuwa ndizi za kuchoma na samaki chapwa, leo na kesho. Siku ya nne nikaanza kuota chipsi mayai, sitanii.

Siku ya tisa mtoto wa mwenye boti akanigawia biskuti. Nikala mbili. Usiku usingizi ukagoma, nikaenda kwa bibi kukiri mwenyewe. Hakufoka. Akawasha kiko cha mapacho, tumbaku yao kali, akanipulizia moshi utosini, akasema kesho ni siku ya kwanza. Kwao mmea ni mwalimu mwenye wivu. Ukivunja mwiko, alichokuwa anakufundisha kinakugeukia kuwa maradhi. Likizo yangu ilibaki siku sita. Nikafunga virago.

Na huo ni mmea mmoja! Bibi alianza akiwa kigori, na mifungo mingine ilimchukua mwaka mzima. Kila mmea ulimpa nyimbo zake, icaro, na nyimbo ndizo anazotumia kutibu. Aliniambia mwili wa mgonjwa huuona una michoro kama ile ya kené, nakshi zao za jadi, iliyotariziwa kwenye sketi yake; pale ilipovurugika, huimba mpaka inyooke. Kwetu mtu hukabidhiwa mkoba na babu yake. Kwao pia ukoo husaidia, ila kufunga hakuna wa kukufungia.

Jambo moja usilipuuze: ukiwa unatumia dawa za sonona, usiguse ayahuasca. Ule mmea mtambaazi huzuia kimeng'enya mwilini, na ukichanganyika na dawa hizo unaweza kuua. Wenye matatizo ya moyo nao wakae mbali.

Anayekuuzia kozi muulize amefunga mimea gani, chini ya mzee gani, kwa muda gani. Akikujibu kwa kukuonyesha cheti, nauli yako bado unayo. Ya viza nitaandika kesho, simu inaisha chaji.