Anzeni na mwamba, ua litafuata: kwa masonara mnaotaka kutengeneza mimea inayopotea

Wadogo zangu mnaotoka kwenye pete na hereni na sasa mnataka kufanya sanamu za mimea, hasa hii ya misitu inayoisha, mimi niko Tanga na kwa miaka kadhaa kazi yangu kubwa imekuwa ua la Usambara, lile la zambarau ambalo Wajerumani mpaka leo wanaliita kwa jina la milima yetu. Naanza na kosa langu la kwanza maana naona wengi mnalirudia.

Ua la kwanza nililifanya kwa kuangalia picha ya kwenye simu. Nikakata petali tano za fedha, zote saizi moja, nikazilehemu, nikalisimamisha juu ya kipande cha marumaru nyeupe, likang'aa kweli. Nikampelekea dada mmoja anayetembeza wageni kule Amani, hifadhi ya msitu ya Usambara Mashariki, akaligeuzageuza akaniambia kaka, kazi nzuri lakini hili sio la kwetu, twende ukalione. Tukatembea msituni mpaka kwenye mwamba ulio karibu na kijito, kuna kivuli utadhani jioni imeingia na ilikuwa saa sita mchana, nikapiga magoti nikasogeza uso. Petali mbili za juu ni ndogo, tatu za chini kubwa. Katikati kuna vifuko viwili vya njano vya chavua, na kijiti chembamba ambacho hakikai katikati, kimelala pembeni, ua hili kimeelekea kushoto na la jirani yake kulia. Majani yana vinyweleo mpaka yanashika matone ya maji bila kulowa. Na mizizi imejishikilia kwenye kuvumwani, lile zulia la kijani juu ya jiwe, udongo wenyewe ni kiduchu sana.

Hapo ndo nikaelewa kwa nini marumaru ilikuwa kosa. Huu mmea unauzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani kwa wingi, tangu yule mkuu wa wilaya wa Kijerumani hapa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipoupeleka kwao mwaka 1892, kwa hiyo ukitengeneza ua peke yake umetengeneza kitu ambacho hakiko hatarini kabisa. Kilicho hatarini ni ule mwamba wenye kivuli. Miti ya juu ikikatwa jua linapiga jiwe, kuvumwani inakauka, na ua linaondoka nalo, hata kama hakuna mtu aliyeligusa. Kule Taita, Kenya, kuna aina yake inayoota kilima cha Mbololo tu, basi, kilima kimoja. Sasa ukiweka ua kama hilo juu ya kistendi cha dukani umemwambia mtazamaji nini?

Kwa hiyo siku hizi naanza na jiwe. Nachukua shiti ya shaba nyekundu, naipasha moto ilainike, naifua juu ya jiwe halisi la kokoto nililonunua kwa wauza mawe barabarani (msibebe jiwe la hifadhini, hata dogo), narudia kupasha na kufua mara sita saba mpaka shaba imeshika kila ufa. Ufanyie kwenye kona yenye giza, mwanga ukiwa mkali huoni shaba imefikia wekundu gani na utaiunguza. Kuvumwani natengeneza kwa waya mwembamba wa fedha, unaelekeza moto kwenye ncha mpaka inajikunja yenyewe inakuwa kitone, unakata, unafanya nyingine, mamia. Inachosha, siwadanganyi, lakini mkono ukipita pale unasikia ukwaruzo wa kitu kinachoota. Vinyweleo vya jani navipiga na msumari nilionoa, vidoti vidogo vidogo kwa nyuma jani likiwa limelala juu ya lami (ile nta nyeusi ya sonara inayoshikilia kazi wakati wa kupiga), na unyamaze redio maana mpigo mmoja mzito unatoboa.

Hapa mniskilize vizuri. Fedha ya 925 (sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha halisi) inayeyuka kwenye nyuzi 890 hivi za Selsiasi, shaba nyekundu ni 1,085, na jiwe lako la shaba ni zito linakunywa moto mwingi sana kabla solda, ile metali ya kuungia, haijayeyuka ikakimbia. Nilijaribu kulehemu maua matatu moja kwa moja kwenye mwamba, petali zina unene wa milimita 0.3, nikawa nangoja jiwe lipate moto na yale maua yakakunjamana mbele ya macho yangu yakawa vidonge. Kazi ya wiki mbili. Tangu siku hiyo maua nayamaliza pembeni, solda ngumu inayotaka moto mkubwa zaidi kwanza, halafu ya kati, halafu laini, moto naupeleka kwenye kikonyo na sio kwenye petali kwa sababu solda inafuata kwenye joto, kisha kwenye mwamba natoboa tundu nafunga kwa ribiti, kijipini kinachofuliwa ncha kisitoke, baridi kabisa bila moto.

Kuhusu kusomea mmea. Kuingia Amani unalipia getini na unaenda na mwongozaji wa pale, hiyo hela msiione kubwa, ni hifadhi tangu 1997 na maji tunayokunywa Tanga mjini yanatoka mto Zigi unaoteremka huko huko. Usichume. Hata jani moja usichume, kwa sababu jani moja la huu mmea likichomekwa kwenye udongo linaota, na ndio njia rahisi ya kuuiba. Ukitaka wa kuushika nyumbani nunua wa chungu kwa wauza maua, ila hao wamezalishwa wanene, wengine wana petali nyingi zilizojazana, kwa hiyo watumie kujifunza vinyweleo na namna jani linavyokunja tu, umbo ukachukue msituni. Hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani hazina yao ya mimea iliyokaushwa, nayo inasaidia, ila sampuli zile zimebanwa zikawa bapa, mimi nilifua majani bapa mwaka mzima kwa sababu hiyo.

Wateja watakuuliza ulipoliona. Mmoja aliniomba nimuandikie mwamba wenyewe uko wapi kwenye kadi ya maelezo, nikamuandikia "Usambara Mashariki" nikaishia hapo, hakufurahi, na bado nadhani nilifanya sawa. Bei hesabu siku zako zote pamoja na za kupanda mlima, usipime gramu za fedha kama unavyopima cheni, utalia.

Na upepo wa bahari huku kwetu unafanya fedha kuwa nyeusi haraka. Mwanzoni nilikuwa nasugua kila mahali mpaka ing'ae. Sasa nasugua petali na upande wa juu wa majani peke yake, chini ya majani naacha weusi ukae, na yule dada wa Amani alipoona ya mwisho aliinama akachungulia chini ya jani kabla hajaangalia ua.