Maswali manne ya kumuuliza kijana aliyeletwa dharura

SWALI: Mimi ni muuguzi wa kitengo cha dharura. Tumeagizwa kumuuliza kila kijana wa miaka 12 na kuendelea kuhusu kujiua, hata aliyekuja na mkono uliovunjika. Foleni haiishi. Hatupotezi muda? Na hatumpandikizii mtoto wazo ambalo hakuwa nalo?

JIBU: Muda wenyewe ni kama sekunde 20. Kipimo kinachotumika sana, ASQ, kilitengenezwa na Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani na matokeo yake yakachapishwa 2012, baada ya kujaribiwa kwa wagonjwa 524 wa miaka 10 hadi 21 katika vitengo vitatu vya dharura vya watoto. Kilinasa karibu 97 katika kila 100 ambao kipimo kirefu kiliwaona wako hatarini. Kina maswali manne: Wiki chache zilizopita, umewahi kutamani ungekuwa umekufa? Wiki chache zilizopita, umewahi kuona kwamba wewe au familia yako mngekuwa na nafuu kama ungekufa? Wiki hii iliyopita, umekuwa na mawazo ya kujiua? Umewahi kujaribu kujiua?

Huyo wa mkono uliovunjika ndiye hasa sababu ya kuwauliza wote. Kijana mwenye mawazo haya mara nyingi huja na kichwa au tumbo linalouma, na asipoulizwa hasemi. Kuhusu kupandikiza wazo, hilo lilipimwa kwa wanafunzi zaidi ya 2,000 wa sekondari katika jimbo la New York, na matokeo kutolewa 2005. Walioulizwa hawakuzidi kuwa na mawazo ya kujiua kuliko ambao hawakuulizwa.

SWALI: Mama mtu hataki kutoka chumbani. Nami naona haya kulitamka neno lenyewe.

JIBU: Usimwombe mzazi kana kwamba mwanawe ana kosa. Mwambie: “Mama, kila kijana anayekuja hapa tunazungumza naye peke yake kwa dakika chache. Likitokea jambo la usalama wake, tutakuita.” Akikataa kabisa, uliza mbele yake na uandike kwenye faili kwamba alikuwepo. Kijana naye usimwahidi siri ambayo huwezi kuitunza.

Neno litamke: kujiua. Ukisema “kujidhuru” umeuliza jambo jingine, maana wapo wanaojikata bila nia ya kufa, na wapo wanaotaka kufa ambao hawajawahi kujikata. Kosa linaloharibu kipimo kuliko yote ni swali la kukanusha. Ukiuliza, “Hujawahi kujaribu kujiua, eti?” naye akajibu “ndiyo”, amekubali nini? Ndiyo sijawahi, au ndiyo nimewahi? Zaidi ya hapo, umeshamwonyesha jibu unalolitaka. Soma swali kama lilivyoandikwa, kisha nyamaza umsubiri. Na kama mnahitaji mkalimani, asiwe ndugu yake.

SWALI: Amejibu “ndiyo” moja. Namwekea mlinzi?

JIBU: Bado. “Ndiyo” moja, au kukataa kujibu, kunatosha kuhesabu kipimo ni chanya, hapo unaongeza swali la tano: “Sasa hivi una mawazo ya kujiua?” Akisema ndiyo, haachwi peke yake hata chooni. Vitu vyenye ncha, kamba, dawa na mkoba wake vinaondolewa, daktari anaitwa, na haondoki kabla ya kufanyiwa tathmini kamili ya afya ya akili.

Akisema hapana, anahitaji tathmini fupi ya dakika 10 hadi 15: mawazo huja mara ngapi, ana mpango, alijaribu lini, usingizi, pombe na dawa za kulevya, ana nani wa kumtegemea nyumbani. Mzazi ahojiwe pia, kwa upande wake. Kitengo kinachomwekea mlinzi kila aliye chanya huishiwa watu ndani ya wiki, na wauguzi huanza kuweka alama ya “hapana” bila kuuliza. Hapo kipimo kimebaki karatasi.

Ile fomu ya kumsainisha mtoto kwamba hatajiua, achaneni nayo. Haijathibitika kumkinga yeyote. Andikeni naye mpango wa usalama kwa maneno yake mwenyewe: dalili zinazotangulia, anachoweza kufanya akiwa peke yake, watu wa kukaa nao, wa kuwaambia, na huduma ya kupiga simu saa yoyote.

SWALI: Tumeruhusiwa kurudi nyumbani na mwanangu wa miaka 14. Nifiche nini?

JIBU: Mzazi mwenzetu, usifiche, funga kwa kufuli. Dawa zote, hata za maumivu zinazonunuliwa bila cheti, pamoja na sumu za wadudu na panya. Silaha ni afadhali ikae nje ya nyumba. Ikishindikana, ifungwe bila risasi, na risasi zifungwe kwingine. Wimbi la kutaka kufa mara nyingi ni la muda mfupi, na kizuizi kidogo humpa nafasi ya kulivuka. Msilegeze akionekana ametulia, kwa sababu wiki za kwanza baada ya kutoka hospitali ndizo zenye hatari kubwa. Miadi ya kliniki iwe ndani ya siku saba, na akisema mawazo yamerudi msiisubiri, rudini dharura siku hiyo hiyo. Ufunguo wa kufuli ukae mwilini mwako, si juu ya kabati. Mtoto wa miaka 14 anajua maficho yote ya nyumba hiyo.