Miche dirishani: kazi ya wawili, maji ya mmoja

Mke na mume wanaotaka kuotesha mboga pamoja ndani ya nyumba, kabla hawajanunua hata mbegu, waamue kwanza nani anamwagilia. Mmoja tu. Wakimwagilia wote wawili, anayeamka mapema ataona udongo umekauka juu, atamwaga maji aende zake kazini. Anayerudi jioni naye ataona vilevile, atamwaga yake. Hakuna aliyekosea, ila udongo haupumui, na kinyausi, ugonjwa unaoozesha miche michanga, hakikawii. Utaukuta mche umelala, shina limenywea pale linapogusana na udongo, majani yakiwa bado ya kijani kabisa. Ukifika hapo hakuna dawa, ung'oe uutupe.

Kwetu anayemwagilia ni mimi. Mume wangu ni mtu wa Arua, mimi wa Busia, tunaishi Kireka, pembeni mwa Kampala, kwenye vyumba viwili vya kupanga, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Yeye mikono yake ni ya udongo: anachekecha, anachanganya, anasia. Mimi naweka trei kwenye beseni lenye maji kidogo ili udongo unywe kutoka chini, kisha naitoa. Akiona pamekauka haruhusiwi kugusa jagi, anasema tu, "Mama Zaki, watoto wako wana kiu." Wakati mwingine hawana kiu hata kidogo, lakini kusema ni haki yake.

Wapo wanaotuuliza, kwa nini ndani, na Kampala hakuna baridi ya kuua mche? Wenzetu wa Ulaya wanakimbia barafu. Sisi tunakimbia mvua ya Machi inayofukua mbegu, kuku wa jirani, konokono, na sisimizi wanaobeba mbegu moja moja mpaka trei inabaki tupu. Tena ukiotesha ndani mapema unawahi msimu. Nyanya, hoho, ntula (nyanya chungu) na sukuma wiki tunazisia mwanzoni mwa Februari, mvua zikishika katikati ya Machi miche iko tayari au karibu. Msimu wa pili tunasia Agosti, kungojea mvua za Septemba.

Dirisha nalo lichagueni kwa akili. Kampala iko jirani na ikweta, ule mstari unaouvuka pale Kayabwe ukienda Masaka. Kwa hiyo mwezi wa Machi na wa Septemba jua la mchana linakaa utosini, na dirisha linalotazama kaskazini au kusini halipati jua la maana, hata liwe kubwa namna gani. Chukueni la mashariki. Jua la asubuhi ni la upole na linaingia mpaka ndani. Miche bado itainama kufuata mwanga, basi geuzeni trei kila siku. Ikirefuka na kuwa myembamba, inalilia mwanga, msiipe mbolea. Mume wangu huipapasa kwa kiganja kila asubuhi kabla ya kutoka. Nilimcheka, lakini ni kweli kwamba mche unaotikiswatikiswa hukaza shina, kama ule unaopigwa na upepo nje.

Udongo wetu ni sehemu mbili za udongo mweusi, moja ya mboji iliyoiva, moja ya mchanga. Anaulowesha kidogo, anaufunika kwenye sufuria kuukuu na kuupasha juu ya sigiri karibu nusu saa, moto mdogo, ili vimelea vife. Harufu yake si ya kukaribisha wageni, fanyeni nje. Ukishapoa, mbegu ya nyanya inafukiwa nusu sentimita tu, na juu tunatandaza kavera, yaani mfuko wa plastiki, angavu. Siku chipukizi la kwanza linapoonekana, kavera inaondoka siku hiyohiyo.

Mbegu tunanunua Container Village pale mjini, pakiti iliyofungwa na yenye tarehe, si ya kupimiwa kwenye kijiko. Pakiti ndogo inatosha sana: gramu moja ya nyanya ni mbegu kama 300, na dirisha lenu halibebi hata robo yake. Kama mna wasiwasi nazo, zilazeni kumi kwenye karatasi ya tishu yenye unyevu, mfunike. Zikiota nane au zaidi, endeleeni. Sukuma wiki hutokeza haraka, nyanya huchukua wiki moja hivi, hoho huweza kuwakalisha wiki mbili mkinung'unika.

Kuna mche wa nyanya unaotoka na ganda la mbegu bado limebana majani yake mawili. Msilivute. Dondosheni tone la maji juu yake, subirini lilainike, mara nyingi linajiachia lenyewe. Hii ndiyo kazi tunayogombania sisi, kila mtu anataka kuwa wa kwanza kuliona limeanguka.

Andikeni majina kwa penseli kwenye vipande vya kifuniko cha plastiki, kwa sababu wino unafutika. Mche wa kabichi na wa sukuma wiki ukiwa mdogo hamtautofautisha, na ubishi wa namna hiyo ndani ya nyumba hauna refa.

Majani halisi, yale yanayofuata mawili ya kwanza, yakifika mawili, tunakaa wote Jumapili jioni kuihamishia miche kwenye vikopo vya maganda makavu ya mgomba. Shikeni jani, msishike shina. Ikiwa na majani manne mpaka sita, toeni trei barazani, kwanza saa moja ya jua la asubuhi, mkiongeza kidogo kidogo kwa wiki nzima huku mwenye jagi akipunguza maji. Pandikizeni jioni. Nyanya ifukieni shina mpaka karibu na majani ya chini, litatoa mizizi huko huko, na kikopo cha mgomba kitaozea ardhini.

Karoti na maharagwe msizihangaikie dirishani, zisieni shambani moja kwa moja. Karoti ikihamishwa inapinda na kugawanyika miguu. Dodo, yaani mchicha, pia sisi tunaimwaga tu kitaluni nje, inajiotea yenyewe.