Keki ya chokoleti naoka mwenyewe, na joto hilihili la Dar

Wiki hii mmeuliza ni kitu gani msomaji ameacha kununua dukani siku hizi anajitengenezea nyumbani. Mie ni keki ya chokoleti, ile ya tabaka mbili yenye krimu nzito katikati na juu. Ya vanila kununua bado sioni shida, ila hizi za chokoleti nyingi za mtaani ni keki ya kawaida tu imetiwa rangi ya kahawia na kakao ya kusingizia, juu wamepaka mafuta ya mgando na sukari, ukila yanakuganda mdomoni mpaka unywe chai ya moto ndo yaondoke. Na bei yake sasa, we acha tu.

Vipimo vyangu: unga wa ngano vikombe viwili, sukari viwili (ndio viwili, msinitolee macho), kakao robo tatu kikombe, magadi soda kijiko cha chai kimoja na nusu na bekin pauda hivyohivyo, chumvi kidogo, vanila, mayai mawili, mtindi kikombe kimoja, mafuta ya alizeti nusu kikombe. Kakao iwe kakao kweli, sio ile chokoleti ya kunywa ambayo nusu yake ni sukari. Yani inauma, kakao inalimwa kwetu Kyela, nyingi inaondoka ikiwa punje halafu sie tunakuja kununua kopo lililotoka nje.

Wengi wananiuliza mbona mafuta sio siagi. Siagi ikipoa inashikana, ukiitoa keki kwenye friji inakuwa ngumu, mafuta yanabaki maji kwahiyo hata kesho yake bado laini. Na mtindi usiuruke, ule uchachu ndo unaamsha magadi, bila hivyo keki inabaki na kaladha ka sabuni.

Mwisho kabisa unamwaga kikombe cha maji yanayochemka, mie humo natia na kahawa kijiko kimoja, hutasikia kahawa ila kakao inakolea balaa. Hapa ndo watu wanapoingiwa na woga maana rojo linakuwa jepesi kama uji wa mgonjwa. Wifi yangu alikuwa kasimama pembeni na paketi ya unga mkononi, "wifi ongeza hata kikombe, hii si supu hii?" nikamwambia wifi yangu weka huo unga chini. Haiongezwi kitu. Gawa kwenye trei mbili, oveni nyuzi 180, dakika 30 mpaka 35. Huna oveni, sufuria kubwa yenye mchanga chini, mkaa juu ya mfuniko uwe mwingi kuliko wa chini, na usifunue funue.

Sasa krimu, hapa ndo kazi ilipo. Video nyingi wanachapa siagi na sukari ya aisingi, inapendeza kweli lakini hao wana baridi au kiyoyozi. Dar mwezi wa kwanza inagonga nyuzi 32, siagi hapo imeshalegea, utapaka asubuhi jioni imeteremka yote kwenye sinia. Mie natumia chokoleti nyeusi gramu 400 na krimu ya maziwa gramu 200 basi. Katakata chokoleti ndogo ndogo, krimu ipashe mpaka ianze kutoa mapovu pembeni, mwagia juu yake uiache dakika kama tano bila kugusa, halafu koroga taratibu kuanzia katikati. Ikijitenga mafuta yakaelea usiitupe, tia maziwa ya vuguvugu kijiko kijiko ukikoroga itarudi. Iache ipoe mpaka ishike kwenye mwiko. Kwa hali ya hewa ya Iringa au Arusha ongeza krimu, la sivyo itakuwa jiwe.

Na keki yenyewe ipoe kabisa kabla hujapaka, sio ya vuguvugu, ya baridi. Ile nundu ya juu ikate ili tabaka zikae sawa, vipande wape watoto watulie. Paka kwanza safu nyembamba ya kushika chenga, ingiza kwenye friji nusu saa, ndo upake ile nzito. Kisu cha kukatia kichovye maji ya moto ukifute kila kipande. Tena ni tamu zaidi siku ya pili, kama wageni wataiacha.