Gari inachemsha kwenye foleni, fundi anataka kutoa themostati

SWALI: Habari fundi. Nina Toyota IST ya cc 1490. Nikiwa natembea iko poa kabisa ila nikikwama foleni ya Tazara au Buguruni inachemsha mpaka nazima AC na kupaki pembeni. Fundi wangu anasema nchi za joto kama hapa kwetu themostati haina kazi, itolewe. Nikubali?

JIBU: Usikubali kaka, themostati ni vali inayozuia maji ya injini yasiende kupozwa kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Gari inayochemsha ikisimama na kutulia ikitembea, anza na feni, maana ukitembea upepo unaingia wenyewe kwenye rejeta, ukisimama ni feni tu. Washa gari, washa AC, chungulia: haizunguki, cheki fyuzi, rilei (swichi ya umeme ya feni), halafu mota, inazunguka kivivu, mota imechoka. Angalia na mfuniko wa rejeta kama mpira wake umekakamaa. Themostati ingeganda ikiwa imefunga ungechemsha hata Morogoro Road asubuhi hakuna gari, kwa hiyo kwako wala haihusiki.

Sasa hili la "nchi za joto" linanichosha kweli. Joto la Dar hata Januari ni nyuzi 32, 33 hivi, injini yako inataka 80 na kitu ndo ifanye kazi vizuri, sasa hilo joto la nje linaisaidiaje? Tokyo kiangazi kunapita 35 na themostati zao ziko palepale! Ukiitoa injini inachelewa kupata moto, sensa inaiambia kontroli boksi, yani kompyuta ya gari, kwamba bado baridi, mafuta yanamwagwa mengi kuliko yanavyotakiwa, oili nayo haipati joto la kukausha unyevu, inachafuka mapema. Na injini hizi za Toyota themostati ina vali ya pili kwa nyuma ambayo ikipata moto inaziba njia ya mkato ya maji, ukishaitoa ile njia inabaki wazi muda wote, maji ya moto mengine yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, yani siku ya foleni kali ndo unachemsha zaidi.

Kama una wasiwasi nayo mwambie aifungue aichemshe kwenye sufuria mbele yako, kwenye 80 na kidogo inaanza kufunguka, isipofunguka nunua nyingine. Haimchukui muda wowote, ila wengi hawataki kupima, wanataka kutoa tu. Ni walewale wanaokuungia feni dairekti kwenye umeme badala ya kutafuta rilei, na wanaokumwagia dawa ya kuziba kwenye rejeta inayovuja, ile dawa inaenda kuziba vinjia vya ndani.

Na nyie mnaonunua magari mkononi, gari yenye taa ya bluu ya joto, ile inayowaka injini ikiwa bado baridi, iwasheni asubuhi muitembeze, taa ikigoma kuzima au ikizima halafu ikarudi mkiwa barabarani, jueni kuna mtu alishatoa themostati au imeganda wazi. Fungueni na rejeta, mkikuta maji ya kahawia yenye kutu huyo mwenye gari alikuwa anajaza maji matupu, pengine ya kisima, na visima vyetu vingi huku pwani vina chumvi, inakula rejeta na wota pampu. Flashi mpaka yatoke masafi ndo ujaze kulanti (maji maalumu ya rejeta) ya pinki. Na fungua mfuniko gari ikiwa imepoa kabisa, yale maji yana presha, yakiruka yanababua uso.